Neno "hand": linapokuwa mkono na linapokuwa kitu kingine kabisa

Chukua sentensi hii, Kiingereza cha kawaida tu cha ofisini: "She has her hands full, so give her a hand, and when she is done, give her a big hand." Hand imetajwa mara tatu. Kwa Kiswahili: "Kazi zimemzidi, kwa hiyo msaidieni, na akimaliza mpigieni makofi." Mkono haumo hata mmoja. Anayeanza kazi ya kutafsiri ataandika "mikono yake imejaa, mpeni mkono, akimaliza mpeni mkono mkubwa", na msomaji wa Mbagala atadhani kuna mtu anagawiwa viungo vya mwili.

Haya yameandikwa kwa watu ambao Kiingereza huwafikia mezani kila siku hapa Dar es Salaam: karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwalimu wa sekondari, mwandishi wa habari za michezo, anayetia maneno ya Kiswahili chini ya filamu, muuza vipuri wa eneo la Gerezani. Kanuni ni moja na inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi: usiitafsiri hand kabla ya kusoma maneno mawili yaliyo kushoto kwake na mawili yaliyo kulia. Hayo ndiyo yenye uamuzi. Hand yenyewe haisemi kitu.

Kwanza nyama na mifupa

Hata pale hand inapokuwa kiungo cha mwili, hailingani na mkono wetu. Mkono wa Kiswahili unaanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Hand inaanzia kwenye kifundo, pale unapofungia saa, kwenda vidoleni. Kutoka hapo kupanda juu ni arm. Kwa hesabu ya mifupa, hand ina 27: minane midogo ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Ile miwili mirefu iliyo kati ya kifundo na kiwiko, na ule mmoja unaopanda hadi begani, si ya hand.

Kwenye mazungumzo tofauti hiyo haina uzito. "Wash your hands" ni "nawa mikono", na hakuna atakayejimwagia maji hadi begani. Shida huja kwenye karatasi za hospitali, bima na fidia ya ajali kazini. Mtu akisema "nimeumia mkono", usiandike "hand injury" mpaka umuombe akuonyeshe kwa kidole. Kuanzia kifundo kwenda vidoleni ni hand, kati ya kifundo na kiwiko ni forearm, juu ya kiwiko ni upper arm. Ukikosea hapo, picha ya eksirei itapigwa kwenye kiganja wakati ufa uko karibu na kiwiko, au dai la fidia litarudishwa kwa sababu fomu inasema hili na ripoti ya daktari inasema lile. Ukitafsiri kwenda Kiswahili, "fracture of the hand" usiiache "kuvunjika mkono" tu. Kama ripoti imetaja mfupa, andika "kuvunjika mfupa wa kiganja" au "wa kidole". Kama haijataja, andika "mkono, kuanzia kifundo kwenda vidoleni". Ni ndefu, lakini karatasi ya bima haikutakiwa kuwa shairi.

Kuna ugonjwa mmoja ambao neno hand ndilo linaloutenga na mwingine. "Hand, foot and mouth disease" ni ugonjwa wa virusi unaowapata zaidi watoto wadogo, wenye vipele kwenye viganja na nyayo na vidonda mdomoni. "Foot-and-mouth disease" ni wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na virusi vyake ni vingine. Ukiiruka hand, mzazi wa Tabata atasoma kwamba mwanawe kapata ugonjwa wa mifugo. Andika "ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo wa watoto", na hilo neno "watoto" usilitoe.

Na kwenye soka, Kiingereza chenyewe kinajichanganya. Kosa linaitwa handball, lakini sheria inauhesabu mkono wote, na tangu msimu wa 2020/21 imeandikwa wazi kwamba mpaka wa juu ni usawa wa chini ya kwapa. Hapo mkono wa Kiswahili unafaa kuliko hand. Watangazaji wetu husema beki "ameunawa mpira", na hakuna haja ya kutafuta neno jingine.

Kipimo cha haraka

Ukikutana na hand, jiulize: kama mtu huyu hana mikono kabisa, sentensi itabaki kuwa kweli? Mtu asiye na mikono anaweza kuwa "an old hand" katika kazi yake, anaweza kupata habari "first hand", anaweza kuwa na "time on his hands". Sentensi ikibaki kweli, mkono haumo, tafuta neno jingine. Isipobaki kweli, kama "he raised his hand", basi ni mkono.

Kisha fuata maswali matatu kwa mpangilio huu huu.

Je, ni kitenzi? Kama kabla yake kuna "to", "will" au mtenda, na baada yake kuna "in", "out", "over", "down", "back" au "on", ni kitenzi, na maana iko kwenye hilo neno dogo linalofuata.

Kama ni nomino, je, imetanguliwa moja kwa moja na "in", "on", "at", "to", "by", "off", "out of" au "under", bila "the" wala "his" katikati? Ikiwa hivyo, karibu kila mara ni msemo. Linganisha "the matter is in hand", suala linashughulikiwa, na "the knife is in his hand", kisu amekishika. Hilo neno dogo la katikati ndilo linalorudisha nyama na mifupa.

Mwisho, ni umoja au wingi? Wingi unaweza kugeuza kila kitu. "On hand" ni kitu kilichopo tayari. "On my hands" ni mzigo ulioniangukia. "At hand" ni karibu. "At the hands of" ni mabaya uliyotendewa na fulani: "he suffered at the hands of his uncle" ni "aliteswa na mjomba wake", na kuandika "mikononi mwa mjomba wake" kunaifanya iwe kama alilelewa vizuri.

Vihusishi, ndiko kwenye mitego

"In hand" peke yake ina sura nne na zote utakutana nazo. Kazi ikiwa "in hand", inaendelea. Hali ikiwa "in hand", imedhibitiwa. Kwenye vitabu vya hesabu, "cash in hand" ni taslimu iliyomo kwenye kasha la ofisi, tofauti na "cash at bank" iliyo benki. Ziandike mistari miwili, usizijumlishe kwenye tafsiri. Lakini mfanyakazi wa Uingereza akisema analipwa "cash in hand", anamaanisha analipwa noti bila kupitia benki, mara nyingi bila kodi kukatwa, na hiyo kwenye ripoti ni tuhuma. Ya nne ni ya michezo: "they have a game in hand". Hapa Dar kila shabiki analo neno lake, ni kiporo. "Yanga wana viporo viwili" haihitaji maelezo, na "mchezo mmoja mkononi" nayo inaeleweka, ila kiporo kina ladha zaidi.

"Out of hand" ina mbili zisizofanana hata kidogo. "The party got out of hand": sherehe iliharibika, watu walishindwa kuizuia. "He rejected the offer out of hand": alikataa papo hapo, hata hakusikiliza. Dalili ni kitenzi kilichotangulia. Kikiwa "get" au "go", ni ya kwanza. Kikiwa "reject", "dismiss" au "refuse", ni ya pili.

"Offhand" pia ni pacha. Mtu akijibu "I can't say offhand", anasema "siwezi kukuambia hapa hapa bila kuangalia". Akisema "he was offhand with me", ni kwamba alijibiwa kwa dharau, alichukuliwa poa.

"By hand" juu ya bahasha ni "kwa mkono": barua imepelekwa na mtu, haikupita posta, na anayeipokea anatia saini kwenye kitabu cha dispachi. Juu ya kikapu au kinyago cha Mwenge, "made by hand" ni "kimetengenezwa kwa mikono", wingi. Tofauti ya umoja na wingi hapa ni ya Kiswahili chenyewe; "kinyago kimetengenezwa kwa mkono" kinasikika kama fundi alikuwa na mmoja.

Halafu "on the one hand" na "on the other hand". Hapa mikono ni pande: "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine". "Kwa mkono mwingine" imeanza kuonekana kwenye ripoti za mashirika, na ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

"At hand" wengi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Biblia ya Kiingereza ya zamani inasema "the kingdom of heaven is at hand", na ya Kiswahili, Mathayo 3:2, inasema "ufalme wa mbinguni umekaribia". Mfasiri wake hakuutafuta mkono.

Hand ikiwa kitenzi

"Hand in" ni kukabidhi au kurudisha. Mwalimu akisema "hand in your work", darasani ni "kusanyeni kazi zenu". "Hand out" ni kugawa. "Hand over" ni kukabidhi, na ofisini mtu anapohama huandika taarifa ya makabidhiano. "Hand back" ni kurudisha. "Hand on" ni kupokeza anayefuata.

"Hand down" inahitaji uangalifu. Nguo au ujuzi ukiwa "handed down", umerithishwa kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Hukumu ikiwa "handed down", imetolewa. "Mahakama imeshusha hukumu" ni tafsiri ya neno kwa neno, na tayari inasikika redioni. Andika "imetoa" au "imesoma hukumu".

Kuna pia "you have to hand it to her". Hakuna kinachokabidhiwa. Ni "lazima tumpe haki yake", "huyu tumvulie kofia". Dalili ni hilo "it" ambalo halirejelei kitu chochote kilichotajwa.

Nomino "handout" inabadilika kwa mahali. Kwenye semina ya hotelini Posta ni karatasi zinazogawiwa kwa washiriki. Kwenye makala ya siasa ni msaada wa bure, na mara nyingi mwandishi ameliweka kwa kejeli. Usimwambie mshiriki wa semina kwamba atapewa msaada.

Hands wakiwa watu

Kwenye shamba na kwenye meli, Kiingereza kinamhesabu mfanyakazi kwa mikono yake. "Farmhand" ni kibarua wa shamba. "Deckhand" ni baharia wa kazi za sitahani. Nahodha akiita "all hands on deck", anawataka mabaharia wote juu. Meneja akiandika hivyo kwenye barua pepe, anataka kila mtu ajitolee kwenye kazi fulani. "All-hands meeting" ni mkutano wa wafanyakazi wote. "We are short-handed" ni "tuna upungufu wa watu", wala hakuna mwenye mikono mifupi.

Moja ya kuichunga sana: "the ship was lost with all hands". Maana yake ni kwamba meli ilizama na wote waliokuwemo kazini wakafa. Kwa kawaida "all hands" ni mabaharia, abiria ni habari nyingine. Kosa kwenye taarifa ya namna hii linaumiza familia, kwa hiyo ukiona "all hands", tafuta kwanza idadi ya abiria imetajwa wapi, ndipo uandike.

Saa ya ukutani

Hands za saa ni mishale. Wazee wa pwani husema akrabu, neno lile lile la nge, lililotoka kwenye Kiarabu ambako nacho kinaiita hivyo. Wapo wanaosema mikono ya saa, inaeleweka. "Hour hand" ni mshale mfupi, "minute hand" mshale mrefu, "second hand" mshale wa sekunde. Kwenye vitabu vya watoto utakuta "the big hand" na "the little hand": big hand hapo ni mshale mrefu wa dakika, si makofi.

Mtego wenyewe uko kwenye namba. Chukua "the hour hand pointed to nine". Mshale mfupi uko kwenye 9 ya uso wa saa, lakini muda ni saa tatu. Ukiandika "mshale ulielekea tatu", umeharibu picha, kwa sababu msomaji atauona mshale upande wa kulia. Ukiandika "ilikuwa saa tisa", umeharibu muda kwa saa sita. Njia safi ni kuandika vyote: "mshale mfupi ulikuwa kwenye 9, saa tatu kamili." Kama unamfundisha mgeni kusoma saa kwa Kiswahili, mwambie aangalie mkia wa mshale mfupi badala ya kichwa chake. Saa sita ni nusu ya mduara, hivyo upande wa pili wa 9 ni 3, wa 7 ni 1, wa 12 ni 6. Inafanya kazi kila mara, mradi saa iwe ya mishale.

Second hand, na kistari chake

"Second hand" bila kistari kwa kawaida ni mshale wa sekunde. "Second-hand" yenye kistari ni kitu kilichokwisha kutumiwa na mwingine. Watu wa matangazo hawaheshimu kistari, kwa hiyo soma nomino inayofuata.

Nguo ni mitumba, na hapo hakuna mjadala. Mtumba kwa asili ni mzigo uliofungwa, na hadi leo pale Karume nguo hufunguliwa kwenye belo. Gari halijawa mtumba kwa namna hiyo hiyo. Lililoagizwa Japani likiwa limetumika huko, watu huliita "used". Lililonunuliwa kwa mtu hapa hapa mjini, likiwa na namba zake, ni "gari la mkononi". Kwa Kiingereza yote mawili ni second-hand. Kwa mnunuzi wa Dar ni vitu viwili, kwa bei na kwa mashaka, hivyo muulize mwenye tangazo kabla ya kuandika. Kitabu au simu, sema tu "iliyotumika".

"Second-hand smoke" ni moshi wa sigara ya mwenzio. "I heard it second-hand" ni "niliambiwa tu, sikusikia kwa mwenyewe", na kinyume chake "first-hand" ni "nilishuhudia mwenyewe". Kwenye maelezo ya shahidi tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Kulia na kushoto: RH na LH

Hapa ndipo fedha hupotea. Maboksi ya taa, vioo na miguu ya gari huandikwa RH na LH, yaani right hand na left hand. Upande huo huhesabiwa ukiwa umekaa ndani ya gari, uso mbele, kama dereva. Mnunuzi husimama mbele ya gari, akaangalia taa iliyovunjika, akaona iko kulia kwake, akaenda Gerezani kuomba RH. Anarudi na taa isiyoingia, kwa sababu ile ni LH. Taa haigeuzwi, vishikio na umbo la kioo vimekatwa kwa upande mmoja.

Fanya hivi: kaa kwenye kiti cha dereva, nyoosha mkono upande ulioharibika, huo ndio upande wa kutaja. Usitumie "upande wa dereva" kwenye oda ya kuandika. Magari yetu mengi usukani uko kulia, hivyo upande wa dereva ni RH, lakini kwenye gari la lefti hendi lililotoka Marekani upande wa dereva ni LH, na muuzaji aliye Dubai hajui lako ni lipi.

"Left-hand thread" ni nati inayofunguka kwa kuzungushia kulia, kinyume cha kawaida. Pedali ya kushoto ya baiskeli iko hivyo, na nati za bomba la gesi ya asetilini ya kuchomelea pia. Hizo za gesi huwa zimechongwa vijialama kwenye pembe zake ili fundi azitambue kwa jicho. Ukitafsiri maelekezo ya mashine, usiandike "nati ya mkono wa kushoto". Andika "inafunguka kulia, inakaza kushoto". Fundi akikosea hapo anakaza akidhani anafungua, na meno ya nati yanakwisha.

Vipimo na mafungu

Ndizi zimetuhurumia, kwa kuwa lugha zote mbili zinazo ngazi tatu. Mkungu mzima ni bunch, chane ni hand, na ndizi moja moja ni finger. Karatasi ya mnunuzi wa nje ikisema "10 hands", ni chane 10, si mikungu 10. Muuzaji wa Mabibo akipakia mikungu, hesabu ya gari zima imepotea.

Farasi hawakutuhurumia. Kimo chao hupimwa kwa hands, na hand moja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Hupimwa kutoka ardhini hadi kwenye kinundu cha bega, pale shingo inapoishia, kichwa hakihesabiwi. Mkono wa kipimo chetu cha zamani ni mwingine: kutoka kiwikoni hadi ncha ya vidole, shibiri mbili, karibu sentimita 45, na mikono minne ni pima moja. Kwa hiyo farasi wa "15 hands" ni sentimita 152. Ukimwandika "farasi wa mikono 15", kwa mtu aliyezoea mkono wa shibiri mbili huyo farasi ana karibu mita 7 na anamzidi twiga.

Kuna na nukta yake. "14.2 hands" haimaanishi 14 na sehemu mbili za kumi. Ni hands 14 na inchi 2. Hesabu yake: 14 mara 4 ni 56, ongeza 2 unapata inchi 58, zidisha kwa 2.54 ni sentimita 147. Ndiyo maana baada ya nukta hutaona namba zaidi ya 3. Inchi ya nne inakuwa hand nyingine. Kwenye filamu toa sentimita na uendelee, mtazamaji hana muda wa hesabu hizo.

Kwenye vitambaa, karatasi ya kiwandani ikisema "soft hand", inaeleza kitambaa kinavyosikika ukikishika. Wauza vitambaa wa Kariakoo wanasema "laini ukikishika", basi. Kwenye karata, "a good hand" ni karata nzuri alizoshika mchezaji. Na "handful" ni konzi ya karanga, au watu wachache, au mtoto msumbufu asiyetulia. Nomino ya jirani itakuambia.

Saini, mwandiko na posa

Kwenye hati za kisheria hand ni saini. "Given under my hand" ni "imetolewa kwa saini yangu". "I have hereunto set my hand" ni "nimetia saini yangu hapa". Usiandike "nimeweka mkono wangu", kwa sababu kwa Kiswahili aliyetia mkono ameingilia jambo lisilo lake, au ameiba.

Hand pia ni mwandiko: "she writes a clear hand" ni "ana hati nzuri". Hatimkato, neno letu la shorthand, limejengwa juu ya hati hiyo hiyo. "A letter in his own hand" ni barua aliyoandika mwenyewe. Lakini "he died by his own hand" ni "alijiua". Maneno matatu yanafanana, "own" na "hand" zipo kote, kinachotofautisha ni "in" na "by" pamoja na kitenzi.

"He asked for her hand" ni kuposa. Kwa kuwa kwetu barua ya posa hupelekwa na mshenga, angalia kama kwenye hadithi kijana amekwenda mwenyewe. Ikiwa hivyo, "alimposa mwenyewe kwa baba yake" inaonyesha jambo ambalo Kiingereza hakikuhitaji kulisema.

Ukirudi upande wa pili

Mkono wetu nao una njia zake, na wengi huuvusha kuwa hand bila kuuliza. Shati la mikono mirefu ni "long-sleeved". "Long hands shirt" iliyoandikwa kwenye vibanda vya mafundi cherehani inaeleweka hapa mjini tu. Mbunge anayesema "naunga mkono hoja" ni "I support the motion". Mkono wa birika, yaani mchoyo, ni "tight-fisted", na tazama kwamba wao wameufumba mkono uleule. "Kuna mkono wa mtu" kwenye kifo cha ghafla ni "foul play is suspected" kama polisi ndio wanaozungumza. Kama ni majirani, huenda wanasema uchawi, na hapo lazima uandike hivyo wazi. Mkono wa Idi ni "Eid gift". Mkono wa pole ni rambirambi.

Kazi ikiisha, usiipeleke bado. Fungua faili, tafuta "mkono", kisha "mikono", kisha "mikononi", na usimame kwenye kila moja ufanye kile kipimo cha mtu asiye na mikono. Kurasa 20 huchukua kama robo saa. Misemo ya Kiswahili cha kweli, kama kuunga mkono na kurudi mikono mitupu, iache. Halafu tafuta "kwa upande mwingine". Kama haikutanguliwa na "kwa upande mmoja", mara nyingi mwandishi wa Kiingereza alitaka tu kusema "lakini". Andika "lakini", au "ila".